Ngano Ilikotoka: Kuvuka Mbuga za Kanada kwa Gari

Nilikwenda Winnipeg kumwona mtoto wa kaka yangu na mwanawe mchanga, lakini nilikuwa na haja nyingine ya siku nyingi. Mimi ni mtu wa Katesh, wilaya ya Hanang. Baba yangu aliendesha kombaini katika mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yale yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980. Mashine zilitoka Kanada, na wataalamu waliokuja kutufundisha kulima ngano kwenye nchi kavu walitoka Kanada vilevile. Baba alizoea kutusimulia kwamba wageni wale wakisimama jioni kando ya shamba, wakaitazama ngano inavyoinama kwa upepo, walikuwa wakinyamaza kabisa, mawazo yamekwenda kwao. Nikakua nikitamani kuiona hiyo kwao.

Mume wa mpwa wangu ni Mkongomani wa Bukavu, dereva wa malori marefu ya mizigo yanayokwenda Calgary na kurudi. Alipolisikia jambo langu hakushangaa. "Mama, hiyo njia njo kazi yangu," aliniambia. "Lakini miye nayipitaka mbio. Safari hii tutaenda polepole." Basi mwezi Julai tukapakia gari la nyumbani: kiti cha mtoto, madumu ya maji, chapati, chupa mbili za chai ya maziwa iliyokolea tangawizi. Tukaishika Barabara Namba 1 tukiwa watu wazima watatu na mtoto mmoja ambaye alilala hata kabla hatujatoka mjini.

Barabara hiyo ndiyo Trans-Canada, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1962, inayoiunganisha nchi kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Kipande tulichokiendea, cha kutoka Winnipeg hadi Calgary, ni zaidi ya kilomita 1,300, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba. Majirani wa mpwa wangu walituonea huruma. Kote huko, walisema, hakuna kitu cha kutazama. Ni tambarare tupu, mtu huipita usiku ili alfajiri imkute milimani. Neno hilo "tupu" nililisikia mara nyingi mno katika siku zile. Sikubaliani nalo, na nitaeleza kwa nini.

Magharibi ya Winnipeg ardhi imenyooka kiasi kwamba gari linalokuja linaonekana dakika nyingi kabla hamjapishana. Hapo palikuwa sakafu ya ziwa. Barafu nene iliyofunika Kanada ilipoyeyuka, maji yake yalituama yakafanya ziwa ambalo wanajiolojia wameliita Agassiz, kubwa kuliko Ziwa Victoria la leo mara kadhaa. Liliisha miaka ipatayo 8,000 iliyopita, likaacha udongo mweusi mzito. Nilimwomba mkwe asimame nikashuka kuushika. Ulikuwa udongo wa mbuga kama wetu, unaonata vidoleni ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Mkulima wa Hanang angeuona tu na kusema: hapa mvua ikizidi trekta halitoki.

Julai ndio mwezi wa kanola kuchanua. Mtu ameona picha zake kwenye kalenda, na bado hajaona. Shamba moja la njano linaanzia kwenye mtaro wa barabara na kuishia mahali ambapo jicho linachoka, kisha linafuata la ngano ya kijani, kisha njano tena. Nilisogea hadi kwenye mistari ya kwanza. Ua lenyewe ni dogo, petali nne tu, na nyuki walikuwa wengi kiasi kwamba shamba zima lilikuwa likivuma. Harufu yake ni ya asali iliyochanganyika na kabichi, na hilo si ajabu, kwa kuwa kanola ni jamaa ya kabichi na haradali. Zao hili halikuwepo duniani nilipozaliwa. Mafuta ya mmea uliolitangulia yalikuwa na asidi isiyofaa kuliwa kwa wingi. Watafiti wawili wa mbuga hizi, Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba na Keith Downey wa Saskatoon, walichagua na kuzalisha mbegu kwa miaka mingi hadi asidi hiyo ikapungua kabisa, na aina za kwanza zikatoka katika miaka ya 1970. Leo mafuta hayo yanapikiwa chapati za Waswahili wa Winnipeg, pamoja na zile tulizokuwa tunakula garini.

Ukitoka mapema utaona na mashamba ya samawati. Ni kitani, kinachotoa maua asubuhi na kudondosha petali zake kabla ya jioni. Tulipita penye shamba moja saa tatu za asubuhi, nami nikadhani ni bwawa.

Mpakani mwa Saskatchewan saa inarudi nyuma, kwa kuwa wakati majimbo mengine ya Kanada yanasogeza saa zao mbele majira ya joto, sehemu kubwa ya Saskatchewan haigusi yake. Jimbo hili ni kubwa kuliko Kenya nzima na lina watu kama milioni 1.2 tu. Adesi nyekundu na za kijani zinazouzwa Asia na Mashariki ya Kati hutoka kwa wingi katika udongo huu. Hakuna nchi inayouza nje adesi nyingi kuliko Kanada, na Saskatchewan ndiyo inayozilima karibu zote. Barabara za vijijini zimepigwa mistari iliyonyooka, zikikatana kila baada ya maili moja au mbili. Mistari hiyo ni kazi ya wapima ardhi wa karne ya 19. Sheria ya mwaka 1872 ilimpa mhamiaji ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi ajenge, akae, na alime katika miaka mitatu. Ndivyo walivyokuja Waukraini, Waskandinavia, Wajerumani, Waskoti. Makanisa ya Waukraini yangalipo, yenye kuba za kitunguu zinazong'aa juu ya ngano.

Vilivyonigusa zaidi barabarani ni vile vihenge virefu vya nafaka vilivyosimama kando ya reli. Ni majengo ya mbao, marefu kuliko kitu chochote kingine mjini, na jina la mji limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Mkulima alileta nafaka kwa gari la farasi, baadaye kwa lori. Ikapandishwa juu kwa mkanda wenye vikombe, ikagawanywa kwenye vyumba, kisha ikamiminwa kwenye mabehewa. Katika miaka ya 1930 vilikuwepo zaidi ya 5,000 katika majimbo matatu ya mbuga: Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Leo vimebaki vichache, na vingi kati ya vilivyobaki havifanyi kazi. Mwaka 1995 serikali ilifuta ruzuku ya usafirishaji wa nafaka kwa reli. Kampuni za reli ziling'oa njia ndogo, na mahali pa vihenge kumi pakajengwa kituo kimoja kikubwa cha zege. Mashamba nayo yamemezana. Lile la ekari 160 halipo tena; shamba la wastani Saskatchewan sasa linazidi ekari 1,700, na nyumba ya jirani imekuwa mbali.

Tulisimama katika mji mmoja mdogo kula pai ya matunda ya saskatoon, ambayo ni madogo, ya zambarau iliyoiva, na mbegu zake zina ladha ya lozi. Mama mzee aliyetuhudumia alituambia mji wake ulivyopungua: kwanza reli, kisha shule, kisha benki. Alivyotaja ushirika nilisogeza kiti. Wakulima wa huku walikusanyika mwaka 1924 wakaanzisha ushirika wao wa ngano, Saskatchewan Wheat Pool, wakajenga vihenge vyao wenyewe ili wasiamuliwe bei na wafanyabiashara. Ni wakulima hao hao waliokipigia kura mwaka 1944 chama cha Tommy Douglas, na jimbo lao ndilo lililoanzisha bima ya matibabu kwa kila mkazi mwaka 1962, kabla ya Kanada yote. Nikamweleza kwamba nasi tulikuwa na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ushirika wa Victoria Federation wa kina Paul Bomani, waliojenga viwanda vyao vya kuchambua pamba kabla ya Uhuru. Alinitazama kwa furaha ya kweli. Aliniuliza kama ushirika huo bado upo. Nilimjibu kwamba haupo tena kama ulivyokuwa. Wake pia, alisema, uligeuzwa kuwa kampuni.

Kabla ya Regina tuliiacha barabara kuu tukaelekea kaskazini, kwenye bonde la Qu'Appelle. Huna habari kwamba lipo mpaka ardhi ichanike mbele ya gari na chini uone maziwa yamefuatana, na miti kwenye pande za bonde zinazotazama kaskazini, nyasi tupu kwenye zinazotazama kusini. Hapa, Fort Qu'Appelle, mwezi Septemba 1874 ulitiwa saini Mkataba wa Nne kati ya Taji la Uingereza na Wakrii, Wasoto na Waasiniboini. Zile ekari 160 za dola 10 zilitokana na mikataba ya namna hii. Walioitia saini walipewa maeneo madogo ya kuishi na ahadi ya shule, zana na posho. Shule zilikuja, lakini za kuwatenga watoto na wazazi wao na kuwakataza lugha zao. Upande wa mashariki wa bonde hilo hilo ipo jamii ya Cowessess, ambayo mwezi Juni 2021 ilitangaza kwamba vipimo vya ardhini vimeonyesha makaburi 751 yasiyo na alama karibu na shule ya zamani ya Marieval. Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi na si mwepesi wa kulia, alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu tulipokuwa tukilizungumza hilo.

Regina tulilala. Jua lilizama saa tatu za usiku, na watoto walikuwa bado wanacheza kandokando ya ziwa la Wascana. Mji huu wa bunge, bustani na majengo ya fahari ulianzia kwenye lundo la mifupa. Wakrii walipaita mahali pa mifupa iliyolundikwa, mifupa ya baisani, nyati wa Amerika Kaskazini. Reli ilipofika miaka ya 1880 wahamiaji na watu wa asili waliokuwa na njaa waliiokota mbugani, wakaipeleka kwenye vituo vya treni, ikasafirishwa kwenda kusagwa mbolea. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mbuga hii haikukutwa tupu. Baisani walikadiriwa kuwa milioni 30 au zaidi kabla ya biashara ya ngozi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 waliobaki katika bara zima hawakufika elfu chache. Watu walioishi kwa kuwafuata walibaki bila chakula, na mtu asiye na chakula husaini anacholetewa.

Asubuhi tulipita Moose Jaw bila kusimama, tukasimama Chaplin. Kijiji chenyewe ni kidogo, ila kando yake pana ziwa la chumvi, jeupe kotekote, na kiwanda kinachovuna salfeti ya sodiamu ya sabuni. Kwa mbali utadhani theluji imesahau kuyeyuka. Majira ya kuhama, maelfu kwa maelfu ya ndege wadogo wa pwani hutua hapa kula kamba wadogo wa maji ya chumvi, wakiwa njiani kutoka Amerika Kusini kwenda kuzaliana Aktiki. Vimo vile vijindege vyeupe vinavyokimbia mbele ya wimbi na kurudi nyuma yake. Wenzao wa jamii hiyo hiyo, wale wanaozaliana Siberia, ndio tunaowaona kwenye mchanga wa Kigamboni na Bagamoyo mwezi wa Desemba.

Swift Current tulijaza tangi, tukageukia kusini kwa Barabara Namba 4. Kuanzia hapo malori yalikwisha. Nguzo za uzio zilikuwa na ndege wa kifua cha njano chenye alama nyeusi shingoni, anayepiga mluzi mtamu unaosikika hata vioo vikiwa vimefungwa. Mashamba yalianza kupungua, vilima vikaanza kupanda na kushuka, na kabla ya adhuhuri tukafika Val Marie, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Grasslands, karibu kabisa na mpaka wa Marekani.

Sehemu hii nitaisimulia kwa kirefu, maana hapa ndipo nilipopata nilichokifuata.

Hifadhi hiyo ilikubaliwa mwaka 1981 ili kulinda kipande cha mbuga ambacho hakijapitiwa na jembe. Katikati ya ngano na kanola zile zote, majani ya asili yamebaki sehemu ndogo tu ya yalivyokuwa. Nilipiga magoti kuyatazama. Mtu aliyesimama huona rangi moja ya kijivu-kijani. Aliyepiga magoti huona nchi nyingine. Kuna jani fupi liitwalo grama ya samawati, ambalo suke lake limelala ubavu, limepinda, na vinywele vyake vimejipanga upande mmoja kama ukope. Kuna jingine ambalo mbegu yake ina ncha kali na mkia mrefu. Unyevu ukija na kuondoka mkia unajisokotoa na kujisokota tena, ukiichimbia mbegu ardhini. Kuna dungusi kakati inayotambaa chini, na maua yake ya njano yasiyo na makuu. Majani yale mafupi yana mizizi inayokwenda chini sana kuliko kimo chake cha juu, na ndiyo maana yalistahimili ukame, moto na kwato. Mtafiti John Palliser alipoipita nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1850 alionya kwamba ni kavu mno kwa kilimo. Walilima hata hivyo. Katika miaka ya 1930 mvua zilipokatika, udongo uliokosa mizizi hiyo ulipeperuka ukafunika ua na madirisha, na familia nyingi zikafunga mizigo.

Tuliendesha polepole kwenye barabara ya changarawe inayozunguka sehemu ya magharibi ya hifadhi. Kando yake kuna miji ya vindi wa ardhini wenye ncha nyeusi ya mkia. Hapa tu ndipo wamebaki mbugani kwao katika Kanada nzima. Kila mmoja anasimama wima mlangoni pa shimo lake, mikono kifuani, na mmoja akipiga kelele wote huruka juu na kulia, kisha wakazama. Mtoto wetu alicheka hadi akashikwa na kwikwi.

Halafu tukawaona baisani. Walikuwa ng'ambo ya mto Frenchman, kundi la majike na ndama wa rangi ya machungwa, na dume mmoja kando akigaagaa vumbini. Mkwe alizima injini. Yeye aliyeipita nchi hii kwa miaka, usiku na mchana, hakuwahi kuwaona. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kumbe ni hapa banaishi." Walirudishwa mwishoni mwa mwaka 2005, 71 walioletwa kwa malori kutoka Hifadhi ya Elk Island kule Alberta, nao mababu zao walinunuliwa na serikali ya Kanada kuanzia mwaka 1907 kutoka kundi la mfugaji Michel Pablo wa Montana. Sasa ni mamia. Karibu miaka 120 ilipita bila kwato zao kukanyaga bonde hilo.

Lakini alama yao haikufutika. Hapa na pale mbugani pamesimama jiwe kubwa la matale, lililoachwa na barafu ile ya kale. Nililiendea moja. Pembe zake zimelainika na kung'aa, unapitisha kiganja bila kukwaruzwa, na kulizunguka ardhi imechimbika mtaro. Baisani walikuja hapa kujikuna ubavu, kizazi baada ya kizazi, hadi jiwe likawa laini na udongo ukashuka. Niliweka kiganja changu pale penye kung'aa zaidi, nikakaa hivyo mpaka mpwa wangu akaniuliza, "Shangazi, uko salama?"

Juu ya kilima jirani tuliona duara za mawe. Kila jiwe ni la kubebwa na mtu mmoja, limezama nusu udongoni, nayo duara ina upana wa chumba. Ni mahali pa mahema: mawe yalishikilia ngozi upepo usiibebe. Ziko maelfu katika hifadhi hii. Mashariki zaidi, kwenye Wood Mountain, ndiko alikokimbilia Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, na watu wake mwaka 1877, baada ya vita vya Little Bighorn dhidi ya jeshi la Marekani, wakaishi kwa amani hadi njaa ilipowashinda kwa sababu baisani walikuwa wanakwisha. Alirudi Marekani kujisalimisha mwaka 1881. Wachache walibaki, na wajukuu zao wapo Wood Mountain hadi leo.

Nikiwa nimesimama katikati ya duara mojawapo nilijua ni kwa nini naziona: kwa sababu jembe halikufika. Maili chache kaskazini, kwenye kanola nzuri niliyoisifia, palikuwa na duara nyingine nyingi na hakuna atakayezipata tena. Nikakumbuka Hanang. Mashamba yetu ya ngano yalichukua zaidi ya ekari 70,000 za malisho bora ya Wabarbaig, watu waliohama na ng'ombe wao kwa majira na ambao mpanga mipango wa mjini aliwaona hawatumii ardhi. Njia zao za maji zikafungwa. Makaburi ya wazee wao, bung'eda, yale matuta ya udongo wanayoyaheshimu kuliko kitu chochote, mengi yakapitiwa na plau. Walikwenda mahakamani. Katika kesi ya kijiji cha Mulbadaw walishinda Mahakama Kuu, wakashindwa kwenye rufani mwaka 1985. Baba yangu alikuwa miongoni mwa walioendesha zile mashine, na mshahara wake ndio uliotusomesha sisi. Nampenda na namheshimu baba yangu. Ila nasema wazi kwamba tulichofundishwa na Kanada hakikuwa namna ya kulima tu. Tuliletewa na namna ya kuitazama mbuga yenye watu na kuiona tupu, somo ambalo wao wenyewe walikuwa wamelitenda miaka 100 kabla yetu, na sisi tulilipokea bila kuuliza liliwagharimu nini wenye nchi.

Baada ya hapo safari ilikwenda haraka. Vilima vya Cypress vina misonobari na hewa ya baridi, kwa kuwa ni mahali pa juu kuliko pote kati ya Milima ya Rockies na Labrador. Tulikunywa chai ya mwisho ya chupa pale tukaendelea. Alberta ilitupokea na mashine za kuchotea mafuta ya ardhini zikiinama na kuinuka katikati ya malisho.

Brooks ni mji wa kiwanda kikubwa cha nyama, na kwa sababu ya kiwanda hicho una Wasomali na Wasudani wengi. Dukani niliposalimia kwa Kiingereza, mama mwenye duka alinijibu kwa Kiswahili safi. Alikulia kambini Kakuma. Alikuwa na unga wa mahindi, majani ya chai ya Kericho, na habari za kila mtu. Alituelekeza njia ya Hifadhi ya Dinosaur, mwendo wa nusu saa na ushei, akakataa kupokea pesa ya maji ya mtoto.

Hifadhi hiyo, urithi wa dunia tangu 1979, ni bonde lililomomonyoka la mto Red Deer, lenye matabaka ya kahawia na kijivu ya miaka ipatayo milioni 75, na mifupa ya dinosaria wa aina zaidi ya 40. Mingi imehifadhiwa mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapo, katika jumba la makumbusho la Royal Tyrrell mjini Drumheller, ambako mtoto wa shule wa Alberta anaifikia kwa basi na kurudi nyumbani jioni. Mtanzania hawezi kuliona hilo bila kuitaja Tendaguru. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huko, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani hadi pwani, iko Berlin, na mtoto wa Lindi hajawahi kuiona.

Katika hifadhi hiyo kipo kibanda cha magogo cha John Ware. Alizaliwa mtumwa kusini mwa Marekani, akawa huru, akafika Alberta mwaka 1882 akiswaga ng'ombe, na akawa mfugaji mwenye jina na ranchi yake mwenyewe. Alikufa mwaka 1905, farasi wake alipojikwaa na kumwangukia. Miaka sita baadaye, mwaka 1911, serikali ya Kanada iliandaa amri ya kuwazuia watu weusi kuhamia nchini, ijapokuwa haikutekelezwa. Nilitaka mkwe wangu akione kibanda kile. Alikizunguka, akapima magogo kwa mkono, akauliza maswali mengi kwa mlinzi wa hifadhi, kisha akampiga picha mwanawe mlangoni.

Ukijaliwa kuifanya safari hii, nenda Julai, maua yakiwa shambani na mwanga ukiwa mrefu. Jaza mafuta Swift Current, maana kusini vituo ni haba. Tenga walau siku nzima ya Grasslands, ingia asubuhi kabla ya jua kali, beba maji yako, na usiwasogelee baisani chini ya mita 100. Simama Fort Qu'Appelle uulize habari za mkataba. Nanyi jamaa zangu wa Katesh na Basotu mnaolima karibu na bung'eda ambazo bado zinaonekana, ziwekeeni alama na mzionyeshe kwa serikali ya kijiji kabla trekta la msimu ujao halijaingia shambani.